Mlango Namba Arobaini na Moja

Ofisi ya Takwimu
Makao ya Wilaya
4 Machi

Kwa Mtendaji wa Kijiji,

YAH: IDADI YA KAYA KIJIJINI KWAKO

Rejea daftari la wakazi uliloliwasilisha tarehe 26 Februari.

Kama ulivyojulishwa, baraza la wilaya limeamua kwamba kijiji chenye kaya pungufu ya mia mbili hamsini kitaunganishwa na kijiji jirani ifikapo tarehe 1 Julai. Daftari lako linaonyesha kaya mia mbili hamsini kamili. Katika vijiji sitini na vitatu vya wilaya hii, hakuna kingine kilichotua juu ya mstari wenyewe.

Ofisi inaomba maelezo ya maandishi ndani ya siku kumi na nne. Mhakiki atafika kijijini kabla ya mwisho wa mwezi.

Ofisa Takwimu wa Wilaya

(Kwa penseli, chini ya muhuri:) Mjomba, shikamoo. Usiudhike na lugha. Barua zote zinapita mezani kwa Mkubwa wangu kabla hazijatoka. Msalimie mkazamjomba.


Ofisi ya Kijiji
11 Machi

Kwa Ofisa Takwimu wa Wilaya,

Marahaba. Naanza na hilo kwa sababu kwenye barua yako shikamoo imewekwa chini kabisa, tena kwa penseli, kama mgeni anayepitia uani.

Barua nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nimesimama, ya pili nimekaa, ya tatu nilimpa mke wangu aisome kwa sauti nikiwa nimefumba macho, maana nilitaka kusikia kama ni wewe. Sikumsikia mtu ninayemjua. Mke wangu akasema labda una meno yanauma.

Unauliza kwa nini mia mbili hamsini kamili. Kwa sababu ndizo zilizopo. Ningetaka kudanganya, Bi Kidole, ningeandika mia mbili sitini na mbili nikajiachia nafasi ya kupumua. (Kama Mkubwa wako anasoma na hii, mweleze kwamba Bi Kidole ni wewe. Nilikuchukua ukiwa na miaka saba, baada ya kumzika dada yangu, na kila tulipokaa kula ulituhesabu kwa kidole mpaka mke wangu akakupiga mkono.)

Sasa na mimi niulize. Mtendaji wa kijiji cha ng'ambo ya mto, yule tunayemwita Bwana Suti, ameonekana ofisini kwenu mara mbili mwezi huu. Kijiji changu kikifutwa, kinamezwa na chake. Nani kati yenu aliyegundua kwanza kwamba mia mbili hamsini ni namba ya ajabu? Ni yeye, ni Mkubwa, au ni wewe?

Unajua kinachofuata tukiunganishwa. Zahanati inafungwa, muuguzi anahamia ng'ambo pamoja na friji yake ya chanjo. Na mto ule unaujua mvua ikinyesha. Mama yako aliufikia ukingoni tu. Wakati huo hatukuwa na zahanati. Sisemi zaidi.

Mtumeni huyo mhakiki. Chai ipo.

Mtendaji wa Kijiji,
ambaye pia ni mjomba wako


Makao ya Wilaya
21 Machi

Mjomba, shikamoo.

Hii haina kumbukumbu wala muhuri. Naiandikia chumbani kwangu na nitaipeleka posta mwenyewe.

Bwana Suti alikuja kuchukua fomu. Ndivyo nilivyoambiwa. Sina sababu ya kufikiri vinginevyo, ingawa sikuelewa kwa nini fomu mbili zimfanye mtu akae na Mkubwa saa nzima mlango umefungwa.

Mhakiki amerudi, na taarifa yake iko mbele yangu. Anasema katika Kitongoji cha Juu namba za nyumba haziendi kwa mpangilio. Baada ya 112 inakuja 17, halafu 30, halafu 5, kisha ndiyo 113. Kwa ramani yetu, namba 1 mpaka 38 zote ziko Kitongoji cha Chini. Alipokwenda Chini alikuta kuta kumi na tatu zisizo na mlango wala namba, na mbuzi ndani ya moja.

Mkubwa aliisoma akacheka kwa pua. Anasema mchezo huu anaujua. Watu wa Chini walishahama kijiji zamani, wakaenda zao. Mtendaji akang'oa milango yao yenye namba, akaipigilia kwenye mabanda na majiko ya watu wa Juu, ili namba zisipungue. Kumi na tatu ukizitoa, unabaki na mia mbili thelathini na saba.

Nilisema hapana, Mjomba wangu hawezi. Akaniuliza mara ya mwisho kukaa kijijini ni lini. Ni miaka kumi na moja, na siku mbili za kila sikukuu hazihesabiki.

Daftari la uongo ni kufukuzwa kazi, na wanaweza kukupeleka mahakamani. Naomba unijibu kweli. Tafadhali sana, usinijibu kwa mzaha.

Mpwa wako


Kijijini
27 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Umeomba nisijibu kwa mzaha, basi nivumilie, maana jambo lenyewe linachekesha na mimi sikulitunga.

Umeisahau milango! Kweli mji umekula kichwa chako. Kuta hapa ni udongo na tofali, ukiwa na ndugu wawili wenye nguvu unazisimamisha kwa wiki mbili. Mlango ni mbao ngumu, na mbao ngumu hailetwi na upepo. Mtu akihama anang'oa mlango wake, anaubeba kichwani, bawaba mfukoni, na kule aendako anapima nyumba kwa mlango alionao. Wewe mwenyewe ulikuwa unabebeshwa komeo.

Misimu miwili ya mvua iliyopita mto ulikula ukingo wa Chini. Kaya kumi na tatu zikapanda Juu, na milango yao. Sasa kumbuka, miaka sita iliyopita mchoraji wenu alikuja kupaka namba. Akazipaka kwenye milango, siyo kwenye kuta, kwa rangi ya mafuta, kisha akasimama sokoni akasoma tangazo kwamba atakayefuta namba ya serikali atashtakiwa. Nasi ni watu watiifu. Hatukufuta. Namba 17 imepanda kilima na mwenyewe, imekaa jirani na 112, na hawajagombana mpaka leo.

Nilikuandikieni habari za mafuriko mara mbili. Nakala ninazo. Ramani yenu ndiyo iliyobaki Chini.

Huyo mhakiki wako watu wamempa jina, Bwana Buti, kwa sababu alikuja na mabuti ya mpira wakati wa vumbi. Hakuingia nyumba hata moja. Mama wa namba 17 alimkaribisha mara mbili, akasema hana muda, akaandika amesimama kwenye jua. Ningejua anaandika kwamba yule mama ni banda ningemwita arudi aambiwe mwenyewe.

Njoo. Usinitumie buti la mtu mwingine. Njoo uhesabu kwa kidole chako.

Mjomba


Makao ya Wilaya
12 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Nimefika salama jana jioni. Mwambie mkazamjomba mayai aliyonifungia yamefika yote, hata moja halikupasuka.

Nianze na mazuri. Kaya kumi na tatu nimezikuta, nimeingia ndani, nimekaa. Mama wa namba 17 alifunua sufuria iliyokuwa jikoni akaniambia, "Hesabu na hili, usije ukasema nalo ni banda." Watoto wake watano walijipanga kwa urefu bila kuambiwa. Nimemwandikia Mkubwa kwamba kosa ni la ramani yetu na kwamba mhakiki hakuingia ndani. Hakufurahi, lakini ametia saini. Nilikushuku kwa hilo, na naomba radhi.

Sasa lingine. Sikulisema nikiwa kwako kwa sababu ulikuwa umekaa na wazee na mimi nilikuwa natafuna chakula chako.

Uliponisomea daftari, ulisoma mwenyewe, ukashika kitabu kimeinama upande wako. Ulisoma thelathini na tisa, ukasoma arobaini. Halafu ukakohoa. Ukaomba maji. Ukanywa glasi nzima taratibu, ukaendelea na arobaini na mbili.

Ulipotoka kumsindikiza muuguzi nikafungua ukurasa. Namba 41 ni nyumba ya mama. Umeandika hivi: "Mkazi: mmoja. Mwanamke. Kazi: karani. Hali: yupo safarini." Na saini yako.

Mjomba, huyo ni mimi. Mimi nimeandikwa hapa mjini, ghorofa ya pili, chumba namba sita. Nilijaza fomu kwa mkono wangu. Mtu hahesabiwi mara mbili. Nikitolewa kwenye daftari lako, zinabaki mia mbili arobaini na tisa.

Nilipita mbele ya nyumba ile siku niliyofika, kabla hujanisomea daftari. Uwanja umefagiwa, mlango uko wazi, hata mtungi una maji. Roho yangu iliruka. Lakini tangu nimeliona daftari sijui tena nilichokiona. Je, ni nyumba inayotunzwa, au ni nyumba iliyoandaliwa kwa ajili ya mkaguzi? Wiki nzima ulijua kwamba nakuja.

Nieleze. Sijamwambia mtu.

Mpwa wako


Kijijini
19 Aprili

Mpwa wangu,

Kweli nilikohoa. Nina miaka sitini na moja, sijazoea kuficha, na kukohoa kwenyewe nilikohoa vibaya. Mke wangu aliniambia pale pale jikoni, "Amekuona."

Siku unaondoka, miaka kumi na moja iliyopita, sanduku lako lilikuwa limeshafungwa kwenye baiskeli. Nilikuja na nyundo na tindo. Nikakuuliza, nikung'olee mlango uende nao? Ukacheka. Ukasema, "Mjomba, acha bwana, nitarudi." Kila mtu pale alikusikia. Kwa watu wote ninaowaandika mimi, anayehama anaondoka na mlango wake. Wewe uliuacha. Nikarudi ofisini nikaandika kwamba yupo safarini, kwa sababu ndivyo ulivyoniambia mwenyewe, nami sikuwa na sababu ya kukuona mwongo.

Nimeandika hivyo mara kumi na moja. Mara kumi za kwanza, mia mbili hamsini haikuwa namba ya mtu yeyote. Nyumba anaifungua mke wangu kila asubuhi iingie hewa, na jioni anaifunga. Amini au usiamini. Nimechoka kudaiwa shahidi.

Lakini sitakuficha tena. Mwaka huu nilipofika kwenye namba hiyo, kalamu ilisimama. Tangazo la baraza lilikuwa ukutani mbele yangu. Nilijua wewe ni wa mia mbili hamsini. Nilijua, nikaandika. Kama hilo ni kosa, basi ni la mwaka huu peke yake.

Haya, sasa nijibu na wewe. Juzi kwenye mkutano wa kata, Bwana Suti alinijia amekunjua meno yote. "Hongera Mtendaji, mpwa wako anapanda kiti." Nikasema kiti gani? Akasema Mkubwa anahamishiwa mkoani, wewe ndiye utakayekalia nafasi yake, na kwamba umeahidiwa ukisafisha orodha ya vijiji kabla ya Julai. Nilitabasamu kama mtu aliyejua. Uso wangu uliniuma mpaka nyumbani.

Ulikaa kwangu siku mbili. Ulikula kwangu. Ulinihesabia watoto wa watu. Hilo hukulisema. Mimi nimekohoa mara moja, wewe umenyamaza siku mbili nzima. Sasa sijui ulikuja kututetea au ulikuja kutafuta hiyo moja.

Kalamu unayo wewe.

Mjomba


Makao ya Wilaya
28 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Ni kweli. Barua ya kiti nilipewa tarehe 1 Machi, siku tatu kabla sijakuandikia. Sikukwambia kwa sababu nilijua utafikiri hivyo hivyo unavyofikiri sasa. Kila siku niliyonyamaza ikafanya kuisema kuwe kugumu zaidi, na mwisho nikaona afadhali usijue kabisa. Huo ndio ukweli na hauna sura nzuri.

Nimekata jina langu. Nilipiga mstari mmoja kwa wino mwekundu, nikatia saini pembeni. Nilikaa na nakala ya daftari lako iliyo ofisini kuanzia asubuhi mpaka watu walipotoka kwenda kula. Nilitafuta njia nyingine na sikuipata. Jina langu liko mahali pawili, na mimi ndiye niliyeajiriwa kuhakikisha hakuna mtu wa namna hiyo. Ningeweza kuwakata watu wote wa wilaya nzima, halafu nijiache mwenyewe?

Nimeeleza kwa maandishi kwamba hukukusudia kudanganya. Hutashtakiwa, na Mkubwa amekubali. Sikumwambia habari ya kalamu iliyosimama. Hiyo nimebaki nayo mimi.

Taarifa rasmi iko ndani ya bahasha hii: kaya mia mbili arobaini na tisa. Pingamizi, au kaya mpya kama ipo, zinapokelewa mpaka tarehe 15 Juni. Baada ya hapo baraza linapitisha.

Sikulifanya kwa ajili ya kiti. Najua huwezi kuniamini. Ningekuwa wewe nisingeamini.

Nalia ninapoandika hivi, na nakwambia ili ujue.

Mpwa wako


Kijijini
9 Mei

Kwa Ofisa Takwimu,

Pokea kwa mkono wa dereva wa lori la saruji:

Mlango mmoja, mbao ngumu, urefu futi sita na nusu. Bawaba mbili. Komeo moja. Namba ya serikali, 41, haijafutwa.

Wino wako umesema umehama. Aliyehama hatuachi mlango wake huku. Dereva ameshalipwa, usimpe kitu.

Mtendaji wa Kijiji


Makao ya Wilaya
18 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mlango umefika. Wapakuzi wawili waliupandisha ngazi mpaka ghorofa ya pili wakinitukana kwa adabu. Haukupita kwenye mlango wa chumba changu, ni mpana mno. Basi umesimama ukumbini, umeegemea ukuta, na jirani wa chumba namba saba kila akipita anaubishia hodi kisha anacheka peke yake. Mwenye nyumba ameniuliza kama nimeanza biashara ya mbao.

Siku mbili za kwanza nilikasirika. Niliona umenifukuza. Nilikuwa napita nimeupa mgongo.

Jumapili nikaketi chini mbele yake. Nikaanza kuukagua, kwa sababu siwezi kuketi mbele ya kitu bila kukikagua. Mjomba, bawaba ambayo haifunguliwi inashika kutu, hata mtoto anajua. Hizi zinang'aa. Zina mafuta, ya zamani chini na mapya juu, tabaka juu ya tabaka. Komeo limelainika mahali pa kidole gumba. Na ukingo wa chini umelika upande mmoja, kwa kukwaruza sakafu ile ile. Mbao ngumu hailiki hivyo kwa wiki moja ya kumsubiri mkaguzi. Hiyo ni miaka. Mkazamjomba amekuwa akiufungua kila siku, kama ulivyoniambia, na mimi nilikudai shahidi. Shahidi umemtuma kwa lori.

Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nisamehe.

Sasa sikiliza, na usinikatize mpaka nimalize. Ofisi ya kata iliyo upande wenu wa mto haina karani tangu aliyekuwapo astaafu, miezi minane sasa. Hakuna aliyeomba. Cheo ni cha chini kuliko changu, na kutoka kijijini ni saa moja kwa baiskeli. Nimeomba. Mkubwa alidhani namtania, akasoma tena, akaniuliza kama najua ninachokikataa. Nikasema najua, nimekiandikia barua ya kukikataa, ile pale chini ya mkono wako. Ametia saini zote mbili na hajanisemesha tangu Jumatatu. Kiti watampa Bwana Buti, wanavyosema.

Jina langu nimeliondoa hapa mjini. Hati ya kuhama nimeiambatisha. Kwa hiyo sasa hivi, Mjomba, sijaandikwa popote, na haijawahi kunitokea.

Niandike. Kaya namba 41, kabla ya tarehe 15 Juni.

Mpwa wako


Kijijini
24 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimesoma. Mke wangu amesoma. Ametoka uani akakaa huko muda mrefu na kitunguu kimoja, anasema kinamchoma macho.

Sikuandiki.

Tulia, usirushe barua. Mkubwa wako atasema tumekula njama, na nikikwambia kweli, nusu yangu inasema hivyo hivyo. Mtu anakata jina lake mwenyewe Aprili kwa wino mwekundu, halafu Mei anataka lirudi! Najiuliza kama ni huruma, na huruma inaisha. Utakaa mpaka Julai ipite, baraza lisahau, kisha nikuone tena na sanduku kwenye baiskeli. Mimi hapo nifanye nini, nikohoe?

Mara ya kwanza nilikuandika kwa mdomo wako. "Mjomba, acha bwana, nitarudi." Nimelipishwa maneno hayo miaka kumi na moja. Safari hii siandiki mdomo wala barua wala hati yenye mihuri mitatu. Lete mlango. Niuone umefungwa bawaba, nikuone umesimama nyuma yake, halafu tutazungumza habari za kalamu.

Nafasi yake hatujaiziba. Nilimwambia mke wangu tuweke tofali, akasema tofali nizibebe mwenyewe. Ametundika shuka. Kuku wanaingia watakavyo.

Lori la saruji linarudi huku Ijumaa. Safari hii dereva mlipe wewe.

Mjomba


Ofisi ya Kijiji
13 Juni

Kwa Ofisi ya Takwimu,
Makao ya Wilaya

YAH: KAYA MPYA

Rejea taarifa yenu ya tarehe 28 Aprili.

Kaya zilizothibitishwa na ofisi yenu: 249.
Kaya iliyoongezeka: 1.
Jumla: 250.

Maelezo ya kaya iliyoongezeka: Namba 41, Kitongoji cha Juu. Mkazi: mmoja. Mwanamke, miaka thelathini na mitatu. Kazi: karani wa kata. Hali: yupo.

Naambatisha hati yake ya kuhama mjini na barua yake ya uhamisho wa kazi, zote zikiwa na saini ya Mkubwa wenu.

Natambua kwamba namba imerudi pale pale juu ya mstari na kwamba mtatia shaka. Hata mimi nilitia. Mlango ulifungwa bawaba tarehe 29 Mei mbele yangu, na sikuandika. Nilipita kila siku kwa siku kumi na tano, asubuhi kabla hajaenda kazini na jioni akisharudi, bila kumwambia saa nitakayopita. Siku ya tisa ilinyesha mvua kubwa nikasema leo hatarudi, atalala kata. Alirudi amelowa mpaka kwenye mifupa, amebeba baiskeli begani badala ya baiskeli kumbeba yeye, akanikuta nimesimama barazani kwake na daftari chini ya koti. Akanihesabu kwa kidole. "Mmoja," akasema, "na chai ni ya wawili." Kalamu niliishika jana.

Mkitaka kuhakiki, karibuni. Naomba tu msimtume mtu wa kusimama juani. Atakayekuja abishe hodi. Atafunguliwa na mwenye mlango.

Mtendaji wa Kijiji